Triko Lililoanzia Shingoni

Mvua ilimkuta binti yangu njiani akitoka shuleni, na alipovua triko lake mlangoni nililinusa kabla sijaligusa. Sufu ikilowa hunuka mnyama, hata iwe imefuliwa mara ngapi, hata iwe nusu yake ni nailoni ya kiwandani. Nililitandaza kwenye kiti karibu na mbabula, jiko letu la makaa, nikaketi kando yake, na ugali haukupikwa. Binti akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimechoka tu, naye akanitazama vile watoto wanavyotutazama wakijua tunawadanganya.

Ninyi tuliokuwa watoto pamoja Bunia mnajua nasema habari za wakati gani. Vita vilikuwa vimekwisha. Redio ilisema hivyo, na magari meupe ya askari wa kigeni yalipita barabarani tukayapungia mikono. Lakini watu walilala viatu vikiwa karibu na kichwa. Nyuma ya mlango wa kila nyumba niliyoijua palikuwa na mfuko wenye chumvi, kiberiti na sufuria ndogo, na hakuna mama aliyethubutu kuufungua na kurudisha vitu jikoni. Makabila hatukuyataja. Tulisema “siye” na “bale”, sisi na wale, na kila mmoja alielewa.

Mama yangu alikuwa mfumaji. Mtaani kwetu, Mudzipela, walimwita Maman Triko, na wateja wengine hawakujua kama ana jina jingine. Baba alikuwa machimboni akitafuta dhahabu, alirudi aliporudi, kwa hiyo mikono ya mama ndiyo iliyotulisha: matriko ya shule, mashali ya akina mama wa kanisani, kofia na soksi za watoto wachanga. Watu wa mbali wakisikia Kongo wanafikiri ni joto tupu. Waje wasimame Bunia asubuhi ya mvua na mikono wazi, tuone.

Sindano zake zilikuwa njiti za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe mpaka zikateleza. Uzi mpya ulikuwa shida, kwa hiyo alichukua matriko ya balo, yale makuukuu yanayotufikia kwa mafurushi, akayafumua. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha mikono mbele. Mama alivuta uzi nao ukatoka umejikunjakunja, akauzungushia kwenye mikono yangu miwili mpaka triko zima likawa limehamia kwangu. Baadaye uzi ulioshwa na kuanikwa ukiwa umefungiwa jiwe chini ili unyooke. Niliichukia kazi hiyo kwa moyo wangu wote. Pua yangu ilijua saa ya kuwasha: ilingoja mikono ifungwe.

Jambo moja lilimtenga mama na wafumaji wengine. Wao walianzia chini, kwenye pindo, wakapanda hadi shingoni. Mama alianzia shingoni. Alipandisha vitanzi vichache kwenye sindano, akavigawa pande nne, mbele, nyuma na mabega mawili, na kila mstari wa pili akaongeza vitanzi kwenye pembe zile nne, triko likawa linafunguka na kushuka lenyewe hadi kwapani. Wenzake walimcheka kwamba anajenga nyumba kuanzia kwenye bati. Yeye akajibu kuwa mtoto hakui shingo, anakua kwenda chini: triko likiwa fupi unafumua pindo, unaongeza uzi, anavaa tena. Triko lililoanzia chini ukilivuta pindoni linakataa kufumuka, na hapo huna la kufanya.

Triko moja la namna hiyo alimfumia mdogo wake, Noko Dezire. Noko ndivyo tunavyomwita mjomba kwetu. Mama ndiye aliyemlea tangu bibi alipofariki, na kijana alirefuka kupita kiasi, akawa akiinua mikono tumbo linaonekana. Mama akaliongezea triko lake la kahawia pindo pana la bluu, kwa sababu uzi wa kahawia ulikuwa umekwisha. Siku chache kabla ya njia kufungwa na vita, Noko Dezire alipanda juu milimani, upande wa Kpandroma, kuleta ng'ombe wetu waliokuwa malishoni. Hakurudi. Wala hakurudi mtu aliyesema kamwona. Mama alikataa matanga. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa, na mikeka ya majirani ikakunjwa ikarudi kwao.

Aliyebaki kwetu ni mdogo wao wa mwisho, Noko Floribert, aliyelala chumba cha nyuma. Wakati wa vita alikuwa ameshika bunduki. Aliirudisha, akaanza kubeba watu kwa pikipiki, akabaki na viatu vyake vya kijeshi ambavyo kila Ijumaa jioni aliviosha na kuvipanga ukutani vikauke. Alinipenda sana. Alinikalisha kwenye tangi la pikipiki na kuniruhusu nipige honi. Ila mara nyingine, katikati ya chakula, aliacha kutafuna na kusema bila kumwangalia mtu: “Mwenye nitakuta na kitu ya yaya Dezire, hata kisu, ataniambia aliitoa wapi.” Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, kaka au dada. Mama alimwambia ale, chakula kinapoa.

Mwanamke tuliyekuja kumwita Mama Eliza alikuja siku ya posho, ndivyo tunavyoita Jumamosi, siku ambayo magari ya viazi hushuka kutoka juu. Alisimama penye uzio na kikapu kichwani. Lafudhi yake ilitangulia kutuambia kwamba anatoka juu, upande wa bale.

“Hodi, mama. Ni weye Maman Triko?”

“Ni miye. Karibu, ikala.”

“Nataka triko ya mutoto wangu, Eliza. Modele kama hii, lakini kidogo.”

Akaingiza mkono kikapuni, chini ya viazi vilivyobaki, akatoa triko la kahawia lenye pindo la bluu.

Mimi nilikuwa mdogo sana Noko Dezire alipoondoka, sikulitambua. Mama alilitambua kabla halijatoka lote kikapuni. Aliniambia hivyo mwenyewe miaka mingi baadaye. Siku ile niliona tu kwamba aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba mahali bluu inapokutana na kahawia, na akasahau kumpa mgeni maji.

“Weye unaanziaka wapi?” mgeni akauliza. “Ku pindo ama ku shingo?”

“Ku shingo,” mama akasema.

Mama Eliza akazungusha macho uani kwetu, nyumba, jiko, choo, kamba ya nguo, mpaka macho yake yakafika kwenye viatu vya kijeshi ukutani. Noko Floribert alikuwa ametoka na kandambili siku hiyo kwa kuwa viatu havijakauka. Pale macho yakasimama. Kisha akatoa mfukoni kamba ya katani yenye mafundo. Hiyo ndiyo mezire, alisema, vipimo vya mtoto.

“Bon,” mama akasema, na sauti ilikuwa ya kawaida kabisa. “Nitaanza. Utakuya siku ya posho. Ile modele uniachie, nitaangalia mikono yake.”

“Apana, mama. Hii inarudia na miye.”

Akalikunja, akalirudisha chini ya viazi, akaenda. Mama alibaki ameketi na mikono mitupu mapajani, na mimi nikajua tumeingiliwa na jambo baya.

Nilijua kwa sababu ya kamba. Shuleni palikuwa na habari iliyotutisha. Walisema kabla ya kushambulia, bale hutuma kwanza mtu mpole, hasa mwanamke, muuza mboga au mwomba maji, naye huja na kamba. Kila mtu anayemwona uani anamfungia fundo. Kamba ikirudi kwao, wanajua ni kazi ya watu wangapi. Aliyenieleza alikuwa rafiki yangu wa dawati moja, na alikuwa ameapa kwa Biblia. Sasa kamba ya Mama Eliza ilikuwa na mafundo matatu. Urefu, kifua, mkono, alisema yeye. Lakini uani kwetu tuliishi watatu: mama, Noko Floribert na mimi. Niliyaangalia yale mafundo na nilikiona kifo changu pale, kimekazwa vizuri.

Kwa nini sikumwambia mama? Nilijaribu. Alinijibu nisitaje jina la yule mama mbele ya Noko, kamwe, hata kwa mchezo, na alinishika bega alipokuwa akisema hivyo, akalibana mpaka likauma. Mama hakuwa amewahi kunibana bega. Basi nikaelewa, kwa akili yangu ya mtoto, kwamba naye anaogopa kamba.

Kumbe alikuwa ameshikwa katikati ya hofu mbili. Yule mwanamke alijua Noko Dezire yuko wapi, au alijua mtu anayejua. Angemuuliza, angepata jibu, na kama jibu ni lile, basi mdogo wake aliyemlea kwa uji angekufa siku hiyo kwenye ua wetu. Asipouliza, Dezire alikuwa bado njiani tu, amechelewa. Na Floribert akisikia kwamba mwanamke wa kule amelibeba triko la kaka yake sokoni, damu ingemwagika kabla ya swali la pili, na baada ya damu hiyo vijana wa juu wangeshuka, na mifuko ya nyuma ya milango ingepata kazi. Mama aliyajua hayo yote, na alikuwa na sindano mbili tu za baiskeli.

Juma lililofuata Mama Eliza akaja tena. Alipoenda chooni, aliacha kamba kwenye benchi. Sikufikiri mara mbili. Nililifungua fundo la mwisho kwa meno, nikachagua la mwisho kwa sababu mimi ndiye mdogo. Halafu nikaona haya kujiokoa peke yangu, nikafungua na la mama. La Noko nililiacha. Yeye alikuwa mtu mzima, aliwahi kuwa na bunduki, ajitegemee.

Mama alinikuta na kamba mdomoni. Niliinua bega kukinga kofi, na kofi halikuja. Aliichukua kamba, akaiangalia ilivyolegea, na uso wake ukawa na kitu ambacho leo naweza kukiita furaha, ya mtu aliyepewa juma jingine la kutouliza. Mama Eliza alipotoka akamwambia: “Mezire imeharibika, mutoto amechezea. Utamupima tena Eliza. Siku ya posho ingine.”

“Haiko neno,” yule mama akajibu haraka. Hakuonekana kukasirika. Nami nikasema moyoni, bila shaka, anapata nafasi ya kutuhesabu upya.

Basi ikawa hivyo. Mama alifuma juma zima, triko dogo la Eliza likashuka kutoka shingoni hadi kwapani, mimi nikaona mistari ikiongezeka na kushukuru kwamba jambo linakaribia kwisha. Ijumaa akachomoa sindano, akafumua, na kuniita ninyooshe mikono. Jumamosi mgeni alipofika akaambiwa mabega yalikuwa mapana. Jumamosi nyingine, mkono ulikuwa umekaza. Mama yangu, ambaye alikadiria mtu kwa jicho akipita barabarani! Wanafunzi walikuja kuuliza matriko yao ya shule wakaondoka bila kitu. Nilianza kuamini amerogwa na mafundo yale, na usiku niliomba Mungu ampe mama akili zake.

Walipokutana walikunywa chai na kuzungumza vitu visivyo na mbele wala nyuma. Kama viazi vimeoza kwa mvua. Kama shule ya juu imefunguliwa. Mama aliuliza kwa pembeni: malisho ya kule bado yana ng'ombe? Watu wanapita ile njia ya milimani? Mama Eliza alijibu nusu, akameza nusu. Kila pikipiki ilipopita barabarani wote wawili waliacha kuongea, vikombe hewani, mpaka mlio ufifie. Nilidhani mgeni anaogopa kukamatwa na kamba yake. Sikuelewa mama anaogopa nini, kwa sababu ambaye angekuja kwetu kwa pikipiki alikuwa Noko wetu tu.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa na mawingu. Mama hakumwonyesha mgeni kosa lolote safari hiyo. Alimwomba triko la kahawia, akaliweka mapajani, akaweka mikono yote miwili juu yake.

“Mama Eliza,” akasema, “mwenye alivaa hii, iko wapi?”

Yule mama aliweka kikombe chini. “Natafutaka mwenye anaanzia ku shingo,” alisema. “Nimeuliza mu soko yote. Siku nilikuya hapa niliona vile viatu, nikashindwa...”

Hapo tukaisikia. Pikipiki haikupita. Ilipunguza mwendo, ikakata kona kwenye uzio wetu, na injini ikazimwa.

Mama hakumficha mgeni, maana hapakuwa na pa kumficha, wala hakulitupa triko. Aliuma uzi wa pindo kwa meno na kuuvuta. “Mikono,” akaniambia. Nikanyoosha. Aliuzungusha uzi kwa kasi ambayo sijaiona tena, pindo la bluu likaliwa mstari kwa mstari, na Noko Floribert alipotokea kwenye kona ya nyumba, bluu yote ilikuwa imehamia kwenye mikono yangu na kahawia imeanza kufuata. Kitu pekee cha mdogo wake kilichorudi, na alikuwa anakiua mwenyewe kwa mikono yake ili yule mwanamke atoke salama. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Nilimpenda sana mama siku ile bila kujua anafanya nini.

“Muko bazima?” Noko akasalimia. Alikuwa amerudi kubadili tairi lililopoteza upepo. Akafunga tairi jingine, akaketi kwenye benchi, akaomba chai. Mama akaelekeza birika kwa kidevu, mikono haikusimama. Noko akanywa. Akamwangalia mgeni. Akaangalia lile triko linalokwisha, kisha akaangalia mikono yangu, rangi mbili, bluu ndani na kahawia juu yake, akaiangalia kwa muda mrefu hata nikafikiri nimeshika vibaya.

“Mama iko ya wapi?” akauliza.

“Ya juu,” mama akajibu kabla ya mgeni. “Ni mteja. Anaenda, gari itamuacha.”

“Nitamupeleka ku parkingi,” Noko akasema, akasimama. “Mvua inakuya.”

Hakuna aliyeweza kukataa. Ukikataa lifti ya bure wakati mvua inakuja, umeshasema kitu. Mama alinitoa uzi mikononi taratibu, akanisukuma mbele.

“Mutoto aende na weye,” alisema. “Ataniletea sabuni.” Akanikalisha mwenyewe katikati yao, tumbo langu mgongoni kwa Noko na Mama Eliza nyuma yangu na kikapu chake. Alinifunga vifungo vyote vya koti. Sasa najua alikuwa ananiweka kama ukuta.

Tuliifikia parkingi. Niliyaona magari ya viazi, niliwaona wapigadebe, na Noko hakusimama. Alipita. Mama Eliza alishika kiuno changu kwa nguvu, hakupiga kelele. Nyumba zikapungua, yakaja mashamba ya mihogo, kisha mikaratusi. Noko akaingiza pikipiki pembeni na kuizima. Palikuwa na upepo na hapakuwa na mtu.

“Shuka,” alisema.

Tukashuka. Nikamshika Mama Eliza mkono, mimi niliyefungua mafundo yake, sijui kwa nini. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama chungu.

“Ile uzi ya bulu,” Noko akasema, “niliinunua miye, kwa mikono yangu. Yaya alikuwa amekosa ya brun. Sasa sema. Uliitoa wapi ile triko?”

Mama Eliza akalia kwanza. Halafu akaongea akiangalia chini, haraka, maneno aliyokuwa ameyabeba kwa muda mrefu.

“Alikuya mu shamba yangu, siye tuko tunapalia maharagi. Mguu ilikuwa imepigwa masasi ya bunduki. Nilimuficha mu jiko, kule juu fasi tunawekaka mahindi. Batoto ya kwetu walipita na mapanga, waliniuliza. Nilisema sijaona mutu. Eliza alikuwa anakohoa sana. Ule kijana njo alivua triko yake, akamuvalisha Eliza, ikamufika mu miguu. Akaniambia, ikiharibika umupelekee yaya yangu ku Bunia, anaanziaka ku shingo, ataitengeneza. Jina hakusema. Siku zile jina ilikuwa inaua mutu.”

“Na kisha?”

“Mguu ilioza. Sikukuwa na dawa. Papa, sikukuwa na dawa.”

“Mulimutupa wapi?”

“Sikumutupa!” Hapo aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika. “Iko nyuma ya jiko yangu. Nilimufunika na kikwembe yenye nilibebaka nayo Eliza. Nilichimba miye peke. Napanda vitunguu juu yake batu wasijue. Hatukulaka ile vitunguu, hata siku moja.”

Noko aliingiza mkono ndani ya jaketi na mimi nikafumba macho. Nilipoyafungua alikuwa ameketi kwenye majani, kofia aliyoitoa ndani ya jaketi imemfunika uso, na mabega yanaruka. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume akilia. Mama Eliza alisimama pale hajui aende au abaki, kisha akachuchumaa na kumwekea mkono mgongoni, kama anavyofanyiwa mtoto aliyepaliwa. Mvua ikatukuta hapohapo.

Tulirudi parkingi tumelowa. Noko alibeba kikapu cha Mama Eliza hadi kwenye gari na kumtafutia nafasi mbele, kwa dereva. Hawakuagana kwa maneno mengi. “Tutakuya kumuona,” Noko alisema, naye Mama Eliza akajibu, “Mukuye.” Gari likaondoka.

Kwetu, Noko alisimamisha pikipiki nje ya uzio na hakushuka.

“Weye njo utamwambia yaya,” aliniambia. “Miye nitaanguka.”

Niliingia. Mama alikuwa ameketi palepale, uzi wote mapajani, rangi mbili zimechanganyika. Aliangalia nyuma yangu kumtafuta mgeni.

“Mama Eliza iko wapi?”

“Amepanda gari. Noko amemubebea kikapu.”

Alivuta pumzi. Nami nikamwambia yote, bila mpangilio, mahindi kabla ya mguu, vitunguu kabla ya mapanga, na jinsi Eliza alivyovalishwa triko likamfika miguuni. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, na aliliuliza kwa sauti ndogo sana.

“Kule ni baridi. Bila triko... baridi ilimupata?”

“Apana, mama. Alimufunika na kikwembe ya Eliza.”

Akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayepokea maelezo ya njia. Kisha akapiga ukelele. Ulikuwa ukelele aliokuwa ameukalia tangu njia zilipofungwa, na uliwatoa watu majumbani mvua ikinyesha. Wanawake waliingia wamejifunika mashali, wengine mashali aliyowafumia yeye, wakamzunguka. Vijana wa mtaa walikuja nao, na wao hawakuingia. Walisimama kwenye uzio alikokuwa Noko Floribert, na macho yao yalikuwa yale ya zamani, ya wakati wa vita.

“Ni Dezire?” mmoja akauliza. “Wamemupata? Nani alimuua?”

Noko alifuta maji usoni. Nilikuwa nimetoka kumwita, kwa hiyo nilisikia.

“Munaniuliza nani alimuua,” alisema. “Muniulize nani alimuzika.”

Mmoja akavua viatu akaingia, na wengine wakamfuata wakaenda kuketi matangani.